Maswali Yenu Kuhusu Mafua ya 1918

Safu iliyopita iligusia namna madaktari na mamlaka za afya walivyolikabili janga la mafua makali la 1918 na 1919, ambalo linakadiriwa kuua watu milioni 50 duniani, na tangu hapo barua hazijakoma. Nimechagua zile zinazohusu kazi ya madaktari na wakubwa wao. Nyingine nimezijibu kwa mstari mmoja, maana hazidai zaidi ya hapo.

Swali: Kwa nini Wahispania walieneza ugonjwa huu ulimwenguni? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hawakuueneza. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake hayakukaguliwa, na kwa hiyo yaliandika waziwazi kwamba watu wanaugua, Mfalme Alfonso XIII akiwamo. Mataifa yaliyokuwa yakipigana, ambayo yalizika askari wao kimya kimya, yakapata mahali pa kuubandika ugonjwa, ukaitwa mafua ya Kihispania. Hili nimelijibu mara tatu katika safu hii, na ninaomba anayeuliza asome kwanza kabla ya kuandika.

Swali: Je, ni kweli kwamba madaktari wa wakati ule walikuwa wakibahatisha tu? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa)

Jibu: Kubahatisha si neno la haki. Walifuata elimu waliyokuwa nayo, na elimu hiyo ilikuwa na kosa ndani yake. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, mwanasayansi Mjerumani mwenye heshima kubwa, alitangaza kwamba mafua makali husababishwa na bakteria aliyemgundua. Janga lilipofika, maabara nyingi zilimtafuta bakteria huyo. Kwa wagonjwa wengine alipatikana, kwa wengine hakuonekana kabisa, na bado wengi waliona taabu kukiri kwamba huenda mkubwa wao alikosea. Kirusi chenyewe hakikutengwa kutoka kwa binadamu hadi 1933, jijini London, kwa msaada wa wanyama wadogo jamii ya kicheche wanaoitwa fereti.

Lakini wapo waliothubutu kupima badala ya kukariri. Mwezi Novemba 1918, katika kisiwa cha Gallops kilichoko bandarini Boston, Daktari Milton Rosenau aliwachukua wanamaji 62 waliokuwa wafungwa, wakaahidiwa msamaha iwapo wangekubali kujaribiwa. Walipakwa na kupuliziwa puani na kooni makamasi ya wagonjwa mahututi. Baadhi yao wakapelekwa wodini, kila mmoja akakaa uso kwa uso na mgonjwa, wakazungumza dakika tano, mgonjwa akatoa pumzi naye akaivuta, kisha mgonjwa akamkoholea usoni mara tano. Akimaliza huyo anahamia kitanda kinachofuata, hadi wagonjwa kumi. Hakuna hata mmoja aliyeshikwa na mafua. Huenda walikuwa wamekwisha kupata kinga bila kujua, lakini Rosenau hakuficha matokeo yaliyomwacha mikono mitupu, na kwa hilo peke yake ninamheshimu kuliko wengi waliotangaza ushindi mwaka ule.

Swali: Walitumia dawa gani, na chanjo ilikuwapo? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Chanjo zilikuwapo nyingi, na hilo ndilo tatizo. Zilitengenezwa kwa bakteria, ilhali ugonjwa ulikuwa wa kirusi. George McCoy, aliyeongoza maabara ya serikali ya Marekani, aliijaribu mojawapo katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili huko California, akiwachanja baadhi na kuwaacha wengine ili walinganishwe. Chanjo haikumkinga mtu. Kwa upande wa dawa, wagonjwa walipewa kwinini, mafuta ya kafuri, wiski, na zaidi ya yote aspirini. Vitabu vya tiba vya wakati ule viliruhusu gramu 8 hadi 31 kwa siku. Piga hesabu kwa vidonge vya miligramu 300 vinavyouzwa madukani kwetu: ni kati ya vidonge 27 na zaidi ya 100 kwa siku moja. Mwaka 2009 ilitolewa hoja kwamba baadhi ya waliokufa mapafu yakiwa yamejaa maji huenda walimalizwa na dawa yenyewe.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Wengi wa waliokufa 1918 waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuatia mafua, na wakati huo dawa za antibayotiki hazikuwapo. Leo zipo, na sisi tunazinunua kwa kila chafya bila cheti cha daktari, tunameza nusu dozi, nusu nyingine tunamwekea jirani. Antibayotiki haiui kirusi cha mafua. Siku nimonia yenyewe itakapokuja, bakteria watakuwa wameshaizoea dawa hiyo.

Swali: Kitunguu saumu na tangawizi vingewaokoa? (Wasomaji tisa)

Jibu: Hapana.

Swali: Barakoa zilisaidia au zilikuwa maonyesho? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Zilikuwa vipande vya shashi, mara nyingi vyepesi kiasi cha kuona mwanga ng'ambo ya pili, na watu walizivaa wapendavyo. San Francisco ililazimisha uvaaji wake mwezi Oktoba 1918 kwa shinikizo la Daktari William Hassler, ofisa wa afya wa mji. Haukupita muda, meya James Rolph akaonekana kwenye pambano la ngumi uso ukiwa wazi, akatozwa faini ya dola 50. Hassler mwenyewe, mwenye sheria yake, akatozwa dola 5. Mwezi Januari 1919 amri iliporudishwa, kikazaliwa chama cha kuipinga. Daktari Wilfred Kellogg wa idara ya afya ya California alikagua baadaye takwimu za miji ya jimbo hilo na kuhitimisha kwamba amri hizo hazikupunguza ugonjwa kama ilivyotarajiwa. Anayetaka kulitumia jibu hili kubishana kuhusu barakoa za miaka ya karibuni asinitaje: shashi ya 1918 na barakoa ya hospitali ya leo ni vitu viwili.

Swali: Ikiwa dawa haikuwapo, mamlaka za afya zingeweza kufanya nini? Si walikuwa hawana hatia? (Mstaafu, Tanga)

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Hapa ndipo ninapotofautiana nawe kabisa.

Philadelphia ilipata wagonjwa wake wa kwanza katikati ya Septemba 1918. Mkurugenzi wa afya, Daktari Wilmer Krusen, aliwatuliza wakazi, na baadhi ya madaktari waliposihi kwamba gwaride la kuuza hati za mkopo wa vita liahirishwe, hakusikia. Tarehe 28 Septemba watu wapatao 200,000 wakajipanga barabarani bega kwa bega. Siku chache baadaye hospitali zikajaa, na tarehe 3 Oktoba, tayari maji yamezidi unga, shule, makanisa na majumba ya michezo yakafungwa. Katika majuma machache walikufa zaidi ya watu 12,000, na makaburi ya pamoja yakachimbwa kwa mashine kwa sababu wachimbaji hawakutosha.

St. Louis ilianza kuona wagonjwa mjini mwanzoni mwa Oktoba, na tarehe 7 Daktari Max Starkloff akafunga kila kitu huku wafanyabiashara wakimlaani. Katika juma baya kuliko yote, Philadelphia ilipoteza watu 257 zaidi ya kawaida kwa kila wakazi 100,000; St. Louis, 31. Madaktari wa miji yote miwili walikuwa na dawa zile zile zisizofaa kitu. Kilichotofautiana ni siku walizongoja. Na Starkloff naye asifanywe malaika: mji ulipolegeza masharti mwezi Novemba, ugonjwa ulipanda tena na ikabidi wafunge upya.

Uingereza haikuwa bora. Arthur Newsholme, mganga mkuu wa idara iliyosimamia afya, aliandaa mwongozo kwa umma mwezi Julai 1918 kisha akaufungia mezani, kwa hoja kwamba kazi za vita lazima ziendelee. Mwezi huo huo, mjini Manchester, James Niven hakungoja ruhusa ya London. Alichapisha vipeperushi na kuvisambaza viwandani na majumbani, akiwataka wagonjwa wabaki nyumbani. Hati iliyofungiwa mezani ninaiona kuwa kosa kubwa kuliko kutomjua kirusi.

Swali: Mbona mnaandika ya Wazungu tu? Huku kwetu ilikuwaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Lawama nimeipokea. Mafua yalifika Freetown mwezi Agosti 1918 kwa meli ya kivita, Cape Town mwezi Septemba kwa meli za askari, na kwetu kupitia bandari ya Mombasa, kisha yakapanda reli kwenda bara. Yalikuta watu waliokwisha kuchakazwa na vita. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikuwa wakirudi makwao wakiwa wamedhoofu kwa njaa na kuhara damu. Kwenu Ugogo ilikuwapo njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 baada ya majeshi kuchukua nafaka na mifugo na mvua nazo kukataa. Kwa Kenya peke yake makadirio yanafika vifo 150,000, lakini ninayasema kwa tahadhari, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikuandikisha vifo vya Waafrika vijijini. Afrika Kusini, iliyopoteza watu wapatao 300,000, ilitunga sheria ya afya ya umma 1919 na kuunda idara ya afya.

Swali: Kuna ofisa yeyote wa afya au kiongozi aliyewajibishwa? (Wakili, Nairobi)

Jibu: Kwa nadra sana. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune, ikitoka Auckland na wagonjwa ndani yake, iliruhusiwa kushusha abiria Apia, Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand. Takriban watu 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Katika Samoa ya Marekani, visiwa vya jirani kabisa, Gavana John Poyer alikuwa ameweka karantini kali na hakufa mtu kwa mafua hayo. Alipojitolea kutuma madaktari, mtawala wa Apia, Robert Logan, hakuitikia. Tume iliundwa 1919 na ikaona uzembe. Poyer alipewa nishani. Serikali ya New Zealand iliomba radhi mwaka 2002.