Dokta, nilikuwa nampa mbwa wangu zabibu, ni mimi nimemuua?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nipo Mpunguzi huku Dodoma, nalima zabibu. Mbwa wangu Bobi, miaka 12, alianza kukonda mdogomdogo kama miezi mitano hivi, maji anakunywa kupita kiasi, mwishoni akawa hali kitu na mdomo unanuka. Vipimo vikasema figo zimekwisha, kwenye ultrasaundi zilionekana zimesinyaa. Mwezi uliopita nikakubali achomwe sindano ya kumpumzisha. Juzi ndo nasikia zabibu ni sumu kwa mbwa, na mimi miaka yote nikivuna namrushia mbilimbili anadaka. Silali dokta. Halafu macho yalibaki wazi, na daktari ameshasema tayari, akavuta tena pumzi mara mbili. Alikuwa anajua?

JIBU: Pole sana kaka. Naanza na zabibu maana naona ndo zinakukosesha usingizi.

Ni kweli, zabibu mbichi na zile kavu zinaweza kuua figo za mbwa, kinachoshukiwa zaidi ni asidi ya tartariki iliyomo ndani yake. Ila zikimdhuru zinamdhuru haraka, anatapika ndani ya siku moja hivi, siku mbili tatu figo zimegoma. Wewe unanieleza miezi mitano ya kukonda na kunywa maji, na figo zimesinyaa, huo ni ugonjwa wa figo wa muda mrefu, mbwa wazee wengi unawapata hata ambao zabibu hawajawahi kuiona. Kwa ulichoandika hapa sioni zabibu zikiwa ndo chanzo. Ungeniambia alikula kichala kizima jumatatu akatapika jumanne ningekujibu tofauti na nisingekuficha, ila hata hapo ungekuwa hukujua, sisi wenyewe madaktari hili jambo tumeanza kulisoma kwenye majarida yetu miaka ya 2000 mwanzoni.

Na usijilaumu eti ulichelewa kumuona anaumwa. Figo zina akiba kubwa mno, kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo huuchuja na sisi huupima, inakuja kupanda wakati karibu robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea, na muda wote huo mbwa anabweka na kukimbilia geti kama kawaida.

Kuhusu sindano. Dawa ambayo kawaida inatumika, pentobabito, ni jamii ya dawa za usingizi, ichukulie kama nusu kaputi iliyozidishwa makusudi. Ubongo unazimika kwanza, ndani ya sekunde chache, ndo pumzi na moyo vinafuata. Zile pumzi mbili ni misuli inajikaza yenyewe, Bobi alikuwa hayupo tena. Na macho hayajifumbi mnyama akifa, kufumba ni kazi ya msuli. Hakuwa anakuangalia kaka. Haya ulitakiwa uambiwe kabla hajachomwa, hilo kosa ni letu sisi sio lako.

Nimeshika hiyo sindano mara nyingi, na wanaorudi kwangu wanalia, wengi wanalia kwamba waliacha mnyama ateseke wiki mbili zaidi. Angekufa mwenyewe usiku ungemlilia tu, kinachokuuma zaidi ni kwamba safari hii neno lilitoka mdomoni mwako. Sikudanganyi kwamba hukuamua, uliamua. Ila kupona hakukuwepo kwenye meza, kulikuwa na kufa siku ile amelala pembeni yako au kufa baadae anatapika hawezi kusimama.

Rudi kwa aliyemtibu umuombe majibu ya damu, akusomee namba moja moja, itakusaidia kuliko maneno yangu. Wanaokwambia "mbwa tu huyo" achana nao, mtafute aliyemjua Bobi mkae mumuongelee. Na usingizi ukigoma hivihivi fika hospitali uonane na mtu wa ushauri nasaha.

Kaburi nalo, hiyo dawa inabaki kwenye nyama muda mrefu, fisi au mbwa wa jirani akifukua akala anaweza kufa. Kama hukufika kama mita moja kwenda chini, ongeza udongo na upange mawe juu. Na kama kuna mbwa mwingine hapo nyumbani zabibu asipewe hata moja, akiiba shambani mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, usisubiri atapike.