Maduka ya urithi: nani akusanye kodi?

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka wa 2019 akatuachia maduka manne Mwembe Tayari, Mombasa. Hati ya ardhi ingali kwa jina lake. Kaka mkubwa hukusanya kodi na kumpa kila mtu anachoona kinamtosha. Sasa kaka wa pili amewaambia wapangaji wamlipe yeye. Mama yu hai, nami ndiye binti pekee. Sisi ni Waislamu. Tufanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Dada yetu, kwanza kaka wa pili awaache wapangaji. Mpangaji akidaiwa na watu wawili huzuia kodi yote, na hamtaweza kumtoa ghafla. Ikiwa hana mkataba wa maandishi, sheria inataka ilani rasmi isiyopungua miezi miwili, na ana haki ya kuipinga.

Hati ikiwa ingali kwa jina la marehemu, mwenye mamlaka ni yule tu aliyepewa usimamizi wa mirathi na mahakama. Anayejichukulia kodi bila idhini hiyo anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Hatusemi mumshtaki kaka. Huenda ndiye aliyeziba paa lilipovuja. Lakini msiendelee hivi hata mwezi mmoja.

Tafuteni cheti cha kifo, matokeo ya upekuzi wa hati kutoka ofisi ya ardhi (yanayoonyesha ardhi imesajiliwa kwa jina la nani), na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Isome barua hiyo kwa macho yako kabla haijapelekwa, kwani mabinti huachwa nje papo hapo. Nyote mkiridhia, Mahakama ya Kadhi yaweza kusikiza mirathi yenu. Wasimamizi hawaruhusiwi kuzidi wanne. Kwenu wawili watosha, kaka mkubwa na wewe, mmoja akikusanya na mwingine akishika daftari.

Ikiwa warithi ni nyinyi wanne tu, gawanyeni mafungu 40: mama 5 (thumni yake, yaani sehemu moja ya nane), kila kaka 14, wewe 7. Tuseme kodi ni shilingi 160,000 kwa mwezi, na reti za kaunti, ushuru, bima na ukarabati ni 40,000. Zinabaki 120,000, kila fungu 3,000: mama 15,000, kaka 42,000 kila mmoja, wewe 21,000. Kodi yote iingie akaunti moja ya benki yenye saini mbili. Anayekusanya alipwe ujira mliokubaliana kwa maandishi. Asipolipwa waziwazi atajilipa kimyakimya, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kuhusu kodi ya tangu 2019, mwombeni kaka mkubwa hesabu na risiti kwa barua. Akikataa, mahakama yaweza kumlazimisha.

Mafungu yakishasajiliwa, anayetaka kujitoa awauzie nduguze kwanza. Kumuuzia mtu wa nje kunahitaji idhini ya wenzake kwa maandishi, ingawa hawawezi kuinyima bila sababu ya maana. Bei ipangwe na mthamini aliyesajiliwa, si na ndugu anayenunua.