Mtu wa Dodoma alishinda New York Marathon: kweli au kamba?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi naendesha bodaboda, niko Nkuhungu hapahapa Dodoma. Juzi kijiweni tumebishana mpaka abiria wakaondoka na bajaji. Mwenzetu mmoja anadai kuna mtu wa Dodoma aliwahi kushinda New York Marathon na rekodi akaweka, sisi tukamwambia acha kamba, zile ni mbio za Wakenya na Waethiopia. Tumewekeana kreti zima la soda. Tuamulie, halafu tuambie hizo mbio zilianzaje.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kalipeni kreti la watu.

Anaitwa Juma Ikangaa, kazaliwa Dodoma mwaka 1957, mwanajeshi wa JWTZ, kimo chake kifupi tu ila akianza mbio anakaa mbele na anawavuta wenzake mpaka wanaanza kudondoka mmoja mmoja, hakuwa mtu wa kujificha nyuma akisubiri mita za mwisho. Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na hiyo ikawa rekodi ya njia ile mpaka 2001 alipokuja Tesfaye Jifar wa Ethiopia kuivunja. Miaka 12! Na wewe umezaliwa mji mmoja na huyo mtu halafu unabisha.

Sasa kuanza kwake ndo utacheka. Mwaka 1970 hazikuwa mbio za jiji, zilikuwa mbio za kuzunguka bustani, Central Park, mizunguko minne na ushee. Kiingilio dola 1. Walijitokeza watu 127, waliomaliza 55 tu, na mshindi Gary Muhrcke alikuwa mtu wa faya ambaye usiku wake alikuwa kazini, katoka zamu kaja kukimbia. Zawadi zenyewe saa za mkononi za bei rahisi. Mwanamke alikuwa mmoja, Nina Kuscsik, akaugua njiani hakumaliza. Huyohuyo 1972 ndo alikuwa kwenye kundi la wanawake sita waliokaa chini kwenye mstari wa kuanzia, maana sheria ilitaka wanawake waanze dakika 10 kabla ya wanaume kama vile wanakimbia mbio zao wenyewe, basi wakagoma, wakakaa chini dakika 10 zikapita, bastola ya wanaume ilipolia wakanyanyuka wakaondoka nao. Mimi hapo ndo napapenda kuliko hata rekodi.

Mwaka 1976 Marekani inatimiza miaka 200 wakasema tuzitoe mbio bustanini zipite sehemu zote tano za jiji, Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan, ilikuwa iwe mara moja tu ya sherehe lakini watu walivyozipenda hazikurudi tena bustanini, ila mpaka leo zinamalizikia humohumo Central Park. Siku hizi wanaomaliza wanapita 50,000.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Area C. Nimekimbia kilomita 5 nikapewa tisheti na medali, nikapiga picha nikaandika "nimemaliza marathon", mume wangu kacheka siku nzima ati ile sio marathon. Kweli?

JIBU: Nzuri dada, na hongera. Shemeji yuko sahihi, ila asitambe sana kama yeye saa 12 asubuhi na ile baridi yetu ya mwezi wa 7 na upepo wake alikuwa bado kajifunika blanketi. Hapa kwetu kila mbio yenye tisheti tunaita marathon, hata ya kilomita 2 ya watoto. Marathon ni kilomita 42.195, basi. Ile 21 ni nusu. Na hiyo 195 isikuumize kichwa, ilitokea London kwenye Olimpiki ya 1908, walianzia kwenye kasri la Windsor wakamalizia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, umbali ukatoka huohuo, na 1921 ukafanywa rasmi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na kipimo chake, Athens 1896 ilikuwa kama kilomita 40 hivi.

Medali usivue lakini.

SWALI: Nipo Manyoni. Nasikia Ikangaa alikuwa anakosakosa sana ushindi wa Boston Marathon kule Marekani, na siku hizi tuna nani?

JIBU: Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 inauma mpaka leo, Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde 1. Baada ya kilomita 42 unaachwa kwa sekunde 1!

Wa sasa mnaye hukohuko mkoani kwenu, Alphonce Simbu, mtu wa Singida. Aprili 2025 naye kawa wa pili Boston, nikasema haya, yameanza tena. Septemba kaenda Tokyo mashindano ya dunia, wameingia uwanjani yeye na Amanal Petros wa Ujerumani, Mjerumani yuko mbele kabisa anauona utepe, Simbu kamfuata wamefika pamoja, hata wenyewe hawakujua nani kashinda mpaka picha ilipoangaliwa. Tofauti sekunde 0.03, dhahabu kwa Simbu. Mimi nilikuwa nimeshazima TV kwa hasira.