Uliza Jina Kabla ya Kupiga Picha

Ndugu mnaoanza kazi ya kuhifadhi maisha ya asili kwa picha, mimi niliijifunzia Matondoni, kijiji cha waundaji wa majahazi katika kisiwa cha Lamu, na somo la kwanza halikuhusu kamera. Kwa wiki mbili nilipiga mamia ya picha, na chini ya karibu zote niliandika maneno yale yale: fundi akiwa kazini. Nilipompelekea mzee mmoja picha hizo, alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kila kifaa kinaitwaje. Sikuweza kumjibu.

Tangu siku hiyo daftari hutangulia kamera. Jahazi huundwa bila ramani. Vipimo vimo machoni na mikononi mwa fundi, na majina ndiyo yanayoubeba ujuzi huo: mkuku, ule mti wa chini unaolazwa kwanza, mataruma yanayoshika mbao, tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea. Mtazameni fundi anayevuta uta wa keekee mbele na nyuma kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukikikandamiza kichwa cha kifaa na unga wa mbao ukimwagika miguuni pake. Ukipiga uso wake tu, utapata picha nzuri ya mzee, lakini mjukuu wake hataweza kujifunza lolote kutokana nayo. Fuata kazi yenyewe: tundu, msumari, kisha kalafati, pale pamba iliyolowekwa mafuta inaposhindiliwa katikati ya mbao hadi maji yakose njia. Andika jina la kila hatua kama fundi alivyolitamka, kwa lahaja yake, bila kulisanifisha.

Ruhusa ombeni kwa fundi mkuu wa chombo, si kwa kijana anayewaongoza. Akina mama wanaosuka mikeka waombwe wao wenyewe, na anayekataa aachwe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni wapiga picha wanaoomba boti ya faiba iondolewe ili pwani ionekane ya kale. Boti hiyo ni sehemu ya habari. Marufuku ya ukataji miti nchini Kenya ya mwaka 2018 iligusa hata mikoko ambayo mafundi huitumia, na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu uliwaathiri wavuvi kiasi kwamba mwaka huo huo mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Anayeyafuta haya kwenye picha anawanyima watu hawa ushahidi wa yale yanayowapata.

Chombo hushushwa majini wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa hiyo ulizeni siku mapema na mfike jana yake. Mkirudi safari nyingine, chukueni picha zilizochapishwa, nakala moja kwa kila aliyeshika kamba ya kukishusha chombo.