Kalveti yetu imekaa, na hatukumjua mtu yeyote

Juzi kumenyesha usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama barabarani na gambuti na tochi ya simu, naangalia maji yakipita chini ya barabara kwa kalveti yetu mpya, zile paipu za kuvusha maji. Chini, sio juu. Nilisimama pale mpaka kukapambazuka na siwezi kudanganya, machozi yalinitoka.

Nikaweka picha kwa stetasi, hongera zikaja nyingi, lakini kuna dada mmoja wa kaunti nyingine akaniuliza, "Sisi yetu tumelia nayo miaka mitano, nyinyi mlimjua nani?" Hilo swali limenikaa moyoni tangu hapo ndio maana naandika. Hatukumjua mtu. Mimi ni fundi wa nguo, sina mjomba serikalini.

Wacha nianze na mvua ya Aprili 2024, ile iliyosomba watu na nyumba nchi nzima. Kwetu ilikula barabara pale kwa kijito. Ile paipu ya zamani ilikuwa imeziba na matope na mifuko, maji yakapanda juu, yakachimba, asubuhi tukakuta shimo linatosha gari. Watoto wa shule walikuwa wanavushwa mgongoni na vijana wa bodaboda, shilingi ishirini kila mtoto, na mama akikosa hiyo ishirini mtoto anabaki nyumbani.

Tukafanya kile kila mtu hufanya, tukalia kwa grupu ya WhatsApp. Nilituma picha kila siku, za asubuhi, za jioni, za mtoto ameanguka na begi. Watu wanaweka emoji ya kulia. Baada ya wiki kadhaa nikatolewa kwa grupu na mtu ninayemshonea nguo za watoto wake, eti naharibia mheshimiwa jina. Nimesamehe, lakini nakumbuka.

Basi nikaenda ofisi. Kaunta ya kwanza nikaambiwa, "Mama, hiyo barabara si yetu, enda kwa watu wa barabara za serikali kuu." Nikaenda. Kule nikaambiwa hiyo ni ya kaunti. Nauli mara mbili, siku mbili bila kushona, na shimo liko pale pale. Kijana mmoja aliyekuwa kwa foleni ndiye aliniambia kitu ambacho natamani ningekijua mapema: mama, kabla ulalamike jua barabara ni ya nani, na usiulize kwa mdomo, uliza kwa karatasi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Barabara za kaunti, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua mahali watu wamejenga, hizo ni kazi za kaunti. Halafu kuna mashirika ya barabara ya serikali kuu, KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani, yaliyoundwa na sheria ya 2007. Ukipeleka kilio chako kwa mlango usio wake watakurusha kama mpira mpaka uchoke, na wengi wetu tunachoka. Lakini kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inasema mwananchi akiuliza kwa maandishi anafaa kujibiwa ndani ya siku 21, na unaweza kuandika kwa Kiswahili, imeandikwa hivyo kwa sheria yenyewe. Mimi niliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja nikawaachia, moja nikagongewa muhuri na tarehe nikarudi nayo. Usiondoke bila muhuri. Barua bila muhuri ni kama hukuenda.

Siku ya 19 jibu likaja. Barabara ni ya kaunti, ila haikuwa kwa mpango wa maendeleo wa mwaka huo, kwa hivyo haikuwa na pesa hata shilingi. Wakati huo wote tulikuwa tunamlilia mtu ambaye kwa kitabu chake sisi hatupo!

Ule mpango wa mwaka kaunti inafaa kuupeleka kwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na ni wa mwaka wa pesa unaoanza Julai inayofuata. Yaani ukija kulia Novemba umechelewa mwaka mzima. Sasa Agosti wakaitisha kikao cha maoni ya wananchi kwa ukumbi wa chifu, wadi nzima tulikuja labda watu thelathini, wengine walikuwa wanangoja soda. Nikaenda na sahihi 64 nilizokusanya nyumba kwa nyumba. Nikaongea, wakapiga makofi, karani akaandika. Nikamwambia, tafadhali nisomee ulichoandika. Akasoma: "Barabara za wadi zirekebishwe."

Hapo ndipo vilio vyetu hufia. Barabara za wadi ni zipi? Zirekebishwe vipi? Nikakataa kukaa chini. Nikamtajia polepole jina la barabara, inaanzia wapi inaishia wapi, kalveti moja pale kwa kijito, mitaro pande zote mbili. Akaandika. Watu walinung'unika nyuma kwamba najifanya mjuaji, kuna mzee akaniambia nikae wengine waongee, lakini sikukaa mpaka nikasomewa tena.

Na mitaro nilisisitiza kwa sababu. Miaka ya nyuma greda iliwahi kuja kwetu, ikachonga, tukashangilia, mvua mbili zikarudisha kila kitu vile kilikuwa. Adui wa barabara ni maji, sio magari. Katikati ya barabara isipoinuka na maji yakakosa pa kuendea pembeni, hata umwage murram lori mia ni bure.

Kukaa kungoja sitawasimulia. Julai ya mwaka uliofuata ikafika ikapita, ndipo Februari kontrakta akaja.

Wakati huo nilikuwa nishaomba, kwa barua ile ile ya siku 21, karatasi ya mahesabu ya kazi, ile inaonyesha vifaa na vipimo. Ilisema paipu za milimita 900, yaani sentimita 90. Siku paipu zimeshushwa nikatoka na futi yangu ya kushonea, nikainama nikapima ndani, ukuta mpaka ukuta. Sentimita 60. Nikapima ya pili, 60. Ya tatu, 60. Nikamwuliza msimamizi wa kazi akacheka akaniambia, "Mama, enda ukashone." Mbele ya vijana wote. Sikumjibu. Nilipiga picha futi ikiwa ndani ya paipu, namba zinaonekana, nikapeleka kwa injinia pamoja na ile karatasi, na siku ya nne lori likaja likazibeba likaleta zinazofaa. Paipu ya 60 haipitishi hata nusu ya maji ya ile ya 90, mvua ya juzi ingetufagia tena.

Kwa hivyo dada yangu, ulimjua nani si swali. Swali ni umeandika nini, na uko na muhuri? Tumezoea kungoja mheshimiwa atuonee huruma, tunampigia magoti kwa matanga na harambee kuomba kitu ambacho ni ushuru wetu wenyewe, halafu siku ya kikao cha bajeti tuko sokoni. Amkeni. Andika barua. Taja jina la barabara. Enda Agosti. Andika barua, narudia, na upime kile wameleta kabla kifukiwe, kwa sababu kikishafukiwa kila kontrakta ni mzuri.

Na wakimaliza usirudi kulala. Kuna kipindi cha kasoro kwa mkataba, kontrakta huwa anashikiliwa sehemu ya pesa zake mpaka kipite, na kitu kikiharibika kabla ya hapo anarudi kurekebisha kwa gharama yake. Wengi hawajui hii. Juzi nikimulika na tochi niliona ufa kwa ule ukuta wa mdomo wa kalveti, upande maji yanatokea, unaingiza ukucha. Nimeupiga picha na futi kando yake. Barua iko tayari, nakala mbili, Jumatatu saa mbili niko kwa kaunta.