Mwili wa mama ndo umezoea dawa, au ni mdudu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama alipasuliwa ngiri, hii wiki ya tatu kidonda kinatoa usaha, kapewa ampiclox haijasaidia kitu. Wakachukua usaha wakapima, majibu yanasema ni stafu sugu, MRSA. Shangazi anasema mama kazidi kunywa rangi mbili miaka yote ndo maana mwili umezoea dawa, sasa mama anajilaumu mpaka analia. Ni kweli? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mwambie mama afute machozi, mwili wake haujazoea kitu. Sugu ni mdudu, bakteria anayeitwa stafu, na usugu wenyewe uko kwenye jeni yake, na mara nyingi anakuwa nayo tayari kabla hata hajaingia kwenye kidonda.

Iko hivi, stafu lazima ajijengee ukuta wa nje, na ukuta huo una mafundi wake, protini fulani hivi. Penisilini na ndugu zake, ampiclox ikiwemo, zinamkamata fundi mikono, ukuta unabaki na mapengo, mdudu anapasuka. Stafu wakaja na jeni ya kimeng'enya kinachokata penisilini, binadamu akatengeneza methisilini isiyokatika kirahisi, ikaanza kutumika 1959, na 1961 tu Uingereza wakaripoti stafu ambao haiwafanyi kitu! Hao ndo MRSA, wana jeni inaitwa mecA, inayowapa fundi wa ziada, PBP2a, ambaye dawa hizo hazimshiki. Wenzake wote wamekamatwa, yeye anajenga tu. Kwa hiyo msihangaike kwenda duka la dawa kubadilisha ampiclox kwa amoksilini au sefaleksini, zote zinamtafuta fundi yule yule.

Na jeni hiyo inahama, imekaa kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuchomoka kwa stafu mmoja kikajipachika kwa mwingine. Tena usugu wa aina hii ni wa zamani kuliko vidonge. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kalunguyeye wa Ulaya walikuwa na stafu wenye jeni ndugu yake, mecC, tangu miaka ya 1800 mwanzoni, kwa sababu kuna fangasi kwenye ngozi zao anayetoa penisilini yake mwenyewe.

Shangazi ana kaukweli kake lakini. Dawa ikinywewa ovyo inaua stafu walaini, wenye jeni wanabaki na nafasi ya kuzaana, na hospitali ambako dawa zinatumika kila siku ndo wanaponea zaidi. Ila huyo wa mama anaweza kuwa ametoka kwenye pua au mikono ya mtu yeyote, karibu watu 3 kati ya 10 wanabeba stafu puani na wala hawaumwi.

Nimekaa maabara miaka mingi, sahani ile ya kuoteshea mdudu naijua. Unapaka mdudu, unaweka kikaratasi chenye sefoksitini, ndugu mwingine wa penisilini, kesho yake unapima kwa rula duara ambalo hajaota, likiwa chini ya milimita 22 unajua ni huyu. Kwenye sahani hiyo hiyo dawa nyingine zinaacha duara pana, safi kabisa, hizo ndo za kumtibu. Kwa hiyo mwende na karatasi ya majibu kwa daktari aliyempasua, mwombe aisome mstari kwa mstari mbele yenu, klindamaisini ikoje, kotrimoksazoli ikoje, na kama usaha umejikusanya ndani utolewe. Anayemsafisha kidonda anawe kwa sabuni kabla na baada, taulo lake asitumie mtu mwingine. Akipata homa msisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.