Usiache uhasibu kwa kuogopa akili mnemba

Ndugu, umeuliza kama uache uhasibu ukiwa mwaka wa pili kwa kuwa akili mnemba itakula kazi zote. Mimi nisingeacha.

Mwaka 2013 watafiti wa Oxford, Frey na Osborne, walikadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine. Mwaka 2016 utafiti wa OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi) ukapima majukumu yaliyomo ndani ya kila kazi badala ya kazi nzima, ukapata kuwa ajira zilizo hatarini ni wastani wa asilimia 9 katika nchi 21. Hapo ndipo penye jibu: mashine hunyakua majukumu kwanza. Kuingiza takwimu, kulinganisha risiti na taarifa ya benki, hayo yanaondoka, na nafasi za ukarani zitapungua, sikufichi. Kinachobaki ni kunusa hesabu zilizopikwa, kumweleza mwenye biashara kwa nini faida ipo ila fedha hakuna, na kutia saini ukiwajibika.

Kazania ukaguzi na kodi. Programu za akili mnemba zitumie sasa, ila zihakiki: hutoa tarakimu za uongo bila kupepesa macho.